Malalamiko Dhidi ya Binti Anayehesabu Wagonjwa wa Jumapili

Kalemie, Jumamosi

Kwa Mama Rosine,
Mratibu wa Programu ya Kuwafunza Watafiti Vijana wa Afya

Mama Mratibu,

Kwa heshima zote ninazoweza kupata wiki hii, mimi Évariste, mwandishi wa rejista katika kituo chetu cha afya kando ya ziwa kwa miaka thelathini na moja, nakuandikia kuhusu daktari kijana uliyetuletea, Huguette. Nasikia Ijumaa mtakaa kuamua kama aongezewe mwaka wa pili wa mafunzo, na kwamba bila mwaka huo utafiti wake wa kolera utakatika njiani. Naomba ukatike. Sababu ni hizi:

1. Anauliza. Nikimwambia kolera huja na mvua, hasemi "ndiyo, Papa" na kuishia hapo. Anasema: "Papa Évariste, umejua namna gani?" Mama, mimi najua kwa sababu najua. Siku hizi naogopa hata kumwambia kwamba nimeamka salama, asije akataka ushahidi.

2. Amenipokonya wembe. Miaka yote nilikuwa nakwangua makosa katika rejista kwa wembe mpya, taratibu, mpaka karatasi inabaki nyeupe. Yeye anasema kosa halikwanguliwi. Linapigwa mstari mmoja tu, ili lililo chini lisomeke, halafu ukweli unaandikwa pembeni pamoja na tarehe na sahihi. Yaani wajukuu wangu waje wasome nilivyokosea! Wembe sasa anachongea penseli zake.

3. Hapa nakuomba ukae chini. Alisoma rejista zangu za miaka kumi na moja, akagundua kwamba katika mtaa wetu hakuna mtu aliyewahi kuugua kolera siku ya Jumapili. Hata mmoja. Na Jumatatu wagonjwa ni mara mbili ya siku nyingine. Mtu mwenye imani angemshukuru Mungu kwa kuiheshimu siku yake. Huguette alikuja kituoni Jumapili na kiti chake. Akaona muuguzi anawaandika wagonjwa kwenye vipande vya maboksi ya dawa, na kesho yake mimi, niliyekuwa kanisani na korali (sauti ya chini, hakuna mwingine), nawaingiza wote kwenye rejista kwa tarehe ya Jumatatu. Tena kwa mwandiko mzuri.

4. Angenyamaza, yangeisha. Lakini kumbe watu wa uhamasishaji walikuwa wameisoma rejista yangu zamani, wakabandika matangazo mtaa mzima: Jumatatu ni siku ya hatari, jihadharini na samaki. Tangu hapo hakuna anayenunua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, siku ya Jumatatu. Mke wangu, Mama Célestine, anauza ndagala. Miaka sita amekaa nyumbani kila Jumatatu akiulaani ugonjwa. Huguette alipoeleza mambo haya kwenye mkutano wa mtaa, kwa adabu, bila kutaja jina, mke wangu alisimama, akanitazama, akasema mbele ya watu: "Kumbe Jumatatu njo wewe!" Yaani siku ya hatari ndiyo mimi. Sasa watoto wa mtaa wananiita Papa Jumatatu.

5. Na hili ndilo linaloniuma kweli. Hakunisema kwa wakubwa, hakunicheka. Ameandika ripoti yake na jina langu ameliweka la pili, baada ya lake, eti bila rejista zangu asingegundua kitu. Mtu uliyekusudia kumchukia akikufanyia hivyo, chuki utaipeleka wapi?

Kwa hiyo asiongezewe mwaka. Apelekwe Pepa, kule milimani kwenye ng'ombe, maana ng'ombe wana subira na hawana rejista. Na mafunzo yenu yarekebishwe: kijana ajifunze kwanza kunyamaza miaka ishirini, na akifikisha umri wangu aruhusiwe swali moja kwa mwezi, kwa maandishi.

Nisalimie wote wa biro yako, hapo ofisini, na Papa Jacob dereva, na yule sentineli, mlinzi wa mlangoni, aliyenikalisha juani saa mbili nzima. Sina kinyongo naye.

Ni mimi, mwenye rejista safi,
Évariste

P.S. Jumatatu asubuhi. Barua ilikuwa bado mfukoni. Jana mjukuu wangu Immaculée aliharisha tangu alfajiri, nikambeba mpaka kituoni nikiwa na nguo za korali. Huguette alikuwa pale na kiti chake. Alikuwa amekwisha kuandika wagonjwa wawili, wote wamechota maji kwenye bomba lililopasuka pale mitumbwi inapoegeshwa. Akaniuliza sisi tunachota wapi. Ni hapo hapo. Muuguzi hakungoja, akamwekea mtoto serumu ya mshipani, na kabla ya misa kwisha bomba lilikuwa limefungwa. Kwa utaratibu wangu, watatu hao wangeandikwa leo, na mtaa mzima ungekunywa pale jana kutwa. Niliogopa, Mama. Sijawahi kuogopa hivyo. Leo mtoto ameomba uji, tena wenye sukari.

Nilitaka kuichana barua hii niandike nyingine, lakini kosa halikwanguliwi. Kwa hiyo nimepiga mstari mmoja kuanzia "Mama Mratibu" mpaka jina langu, ili lililo chini lisomeke. Pembeni naandika ukweli: apewe mwaka wa pili, na wa tatu.

Tarehe: Jumatatu, na safari hii ni Jumatatu kweli.
Sahihi: Évariste.