Gari Refu na Tao la Shangazi Wilhelmina

Jumatano, 11 Juni 2025
Nimeuza gari langu la chini, nimenunua refu! Yaani kigari kifupi, lakini kimekwenda juu, kimesimama wima kama kabati la nguo. Mke wangu Teodora amekizunguka, akauliza nguo zinatundikwa wapi. Haelewi mambo. Shangazi Wilhelmina ana magoti mabovu. Binamu yangu Jonathan akimpeleka kliniki, humchomoa kwenye kile kigari chake kinachonusa lami kama anayeng'oa muhogo. Kwangu atakaa kama yuko sebuleni. Na shangazi hana mtoto. Ana kiwanja Kamanga, ufukweni kabisa.

Ijumaa, 13 Juni
Ushindi! Nimevuka na kivuko, nimemwamkia, nimemchukua. Kaingia bila kuinama, kilemba hakikuguswa. Njiani akafurahi sana: anaona juu ya kuta za watu, nani kaanika nini. Akasema kwa Jonathan huona matairi ya malori tu. Tatizo upepo wa ziwani. Kwenye kona gari liliyumba, shangazi akaanza Salamu Maria. Nikamwambia ni kawaida. Kimoyomoyo nikaitikia.

Jumamosi, 14 Juni
Laiti ningebaki nyumbani! Nilifunga keria juu, nikapakia kochi jipya la shangazi. Langoni kwake kuna tao. Alilijenga marehemu mumewe, Ngosha, kwa mikono yake, akaandika jina la mkewe kwenye saruji mbichi. Ningeweza kuegesha nje. Lakini Jonathan alikuwa uani, nikataka anione nikiingia. Kochi likagonga. Tao lote chini! Shangazi alitoka taratibu, akatazama. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Si ungeshuka, mwanangu."

Jumapili, 15 Juni
Kanisani sikusikia mahubiri. Mchana nikarudi kuomba radhi. Jonathan alikuwa anamwokotea vipande, yeye anavipanga kwenye kanga. Herufi nyingine zimesagika. Nikapiga magoti. Shangazi akasema amenisamehe, na gari lenyewe amelipenda. Kisha akaniuliza kwa upole mbona miaka yote kabla ya gari hili sikuwahi kuja kumsalimia. Nikaishia kukohoa. Kwenye kivuko nililia kidogo, nikamwambia abiria mwenzangu ni upepo.

Jumanne, 17 Juni
Nimejuta, nimejuta tena. Fundi ameanza kujenga tao jipya. Jonathan anamsaidia kuchanganya zege, na shangazi anawapikia ugali na sato. Roho imeniuma. Nimekaa nimetafakari kosa langu kwa dhati, nikaligundua: gari lilikuwa dogo! Kuna jamaa Usagara anauza basi dogo, refu kupita nyumba ya jirani. Nimeshampigia fundi kwa siri aliinue tao. Basi lenyewe lina ngazi mlangoni, tena ndefu. Safi sana. Magoti ya shangazi yatapata mazoezi.