Breki ya Bunduki

Jumamosi, 1 Machi 2014
Nimerudi kutoka uwanja wa shabaha na bega la zambarau. Bunduki yangu ina teke la punda! Kila nikigusa kifyatulio nafumba macho kabla haijalia, na risasi zinakwenda zitakako.

Cheruiyot, mwenzangu wa kanisani huku ugenini, naye hatoki katikati ya karatasi. Mhasibu! Mtu wa kalamu!

Ronnie, mwenyekiti wa klabu, katangaza kwamba anakwenda kuwinda nguruwe pori ng'ambo ya Milima ya Buluu. Pikapu yake imebaki na nafasi moja. Atakayepiga vizuri zaidi Jumamosi ijayo ndiye ataikalia. Akatutazama mimi na Cheruiyot. Hasa Cheruiyot.

Tatizo: nimeshamwahidi mchungaji nguruwe mzima kwa karamu ya kanisa ya mwezi huu. Tena mbele ya kwaya.

Jumatatu, 3 Machi
Duka la bunduki mjini Penrith, baada ya zamu. Nikamwomba muuzaji, mama mmoja anaitwa Cheryl, anipe kiwambo cha sauti kama cha kwenye sinema. Duka zima likageuka kunitazama. Akasema katika jimbo hili hicho ni jela, na je, ningependa kurudia jina langu? Nikasema namuulizia rafiki. Cheruiyot.

Akanionyesha breki. Kichuma chenye matundu ubavuni, unakikaza kwenye mdomo wa mtutu. Moshi unatokea pembeni, teke linapungua. Cheryl akashauri nichukue ndogo, maana kubwa ina kishindo na upepo, na majirani uwanjani hawaipendi.

Jirani si mimi. Nikachukua kubwa.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu Rispah kaliona bega. Ni muuguzi hospitali ya Westmead, hadanganyiki. Nikasema kuna mzee kaniangukia kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Akauliza kama mzee huyo ana kwato.

Kisha akaikuta breki jikoni. Ni ya kusagia pilipili manga? Nikakubali haraka. Kaiosha kwa sabuni, kaipanga pamoja na miiko.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeiiba breki yangu mwenyewe kutoka kwenye miiko. Mazoezi. Muujiza! Teke limekwisha!

Gad, Mrundi mpole wa benchi la kushoto, hakushangilia. Kofia yake ilikuwa imeruka mpaka kwenye nyasi. Aliifuata, akaikung'uta, akarudi.

“Pardon, kaka,” akasema. “Hiyo ni bunduki ama ni ndege inatua?”

Akakusanya vitu vyake, akahamia benchi la mwisho. Nikamwonea huruma kidogo. Halafu wazo likanijia, likanikaa vizuri sana. Jumamosi nitakaa benchi la jirani na Cheruiyot. Shabaha nitapata mimi, upepo atapata yeye. Akili hizi nimezitoa wapi?

Jumamosi, 8 Machi
Niliwahi kabla ya wote, nikasubiri Cheruiyot achague benchi, nikachukua la ubavuni pake. Akanisalimu kwa furaha. Maskini.

Mvua haijanyesha tangu lini sijui. Risasi yangu ya kwanza iliinua vumbi la uwanja mzima. Cheruiyot akakohoa, akafuta miwani, akangoja litulie. Mimi sikungoja! Moto ulikuwa umeniwaka. Macho wazi, bega salama, nikafyatua mpaka zikaisha.

Ronnie akachungulia kwenye darubini, akapiga mluzi. Hajawahi kuona matundu yaliyobanana hivyo, akasema. Nikaanza kuinuka ili nipongezwe.

Karatasi yangu ilikuwa safi kama kanzu ya askofu. Nilikuwa nimepiga ya Cheruiyot. Namba za karatasi sikuziona, zilikuwa ndani ya vumbi langu.

Cheruiyot mwenyewe akakataa. “Hizi si zangu, Ronnie. Ni za huyu ndugu yangu.” Ronnie akajibu kwamba sheria za klabu ni sheria: karatasi ikiwa na matundu ya ziada, mwenye karatasi anahesabiwa yaliyo bora. Akampiga begani, akamwambia alete koti la baridi.

Nyumbani Rispah kauliza pilipili manga itasagwa na nini.

Jumapili, 16 Machi
Nguruwe amefika kanisani. Mkubwa! Mchungaji kamwombea Cheruiyot kwa jina, kwaya ikaitikia amina. Mimi nilikuwa nyuma, nikipanga viti.

Cheruiyot alinifuata nje, akanipa paja zima kwenye mfuko. Akasema bila mimi asingekwenda, na hakuwa anatania. Nusura nimpende.

Nikamvuta kando. Nikamwomba aniambie kweli, kama ndugu, anafunga nini kwenye mdomo wa bunduki yake.

“Sifungi kitu,” akasema. “Kuna kile kifuniko tu iliyokuja nacho, cha kulinda nyuzi, zile za kukazia breki.”

Kifuniko! Siku zote hizi! Na anavyokitaja, kama jambo dogo!

Nikauliza, taratibu, ni cha rangi gani. Cheusi.

Kesho Cheryl akifungua duka atanikuta mlangoni. Nitafunga viwili.