Chemchemi ya Shangazi na Setilaiti Zangu

Jumamosi, 3 Juni
Nimeazima mashine ya ofisini ya kupimia ardhi kwa setilaiti. Nimeazima, yaani bosi hajui. Shangazi na jirani yake wanagombania chemchemi ya bondeni, iliyo karibu na mpaka. Shangazi akiikosa, mboga zake zitakauka zote, naye ndiye aliyenilea. Ofisi itamtuma mpima mwenzangu, tunayemwita Alfajiri kwa kuwahi kwake kazini. Nitamtangulia! Shangazi amenisifu mbele ya watu. Kichwa kimenivimba.

Jumapili, 4 Juni
Alfajiri hupimia juu ukingoni, penye anga wazi, kisha hushuka akipima kwa darubini mpaka bondeni. Kujitesa tu! Nimesimamisha mashine chini kabisa, kando ya chemchemi, ubavuni mwa genge la mwamba. Ikalalamika kwamba inaona setilaiti chache. Nikabonyeza “kubali”.
Nikajilaza nyasini. Kati ya magenge mawili anga lilibaki utepe mwembamba wa bluu. Nikawaza setilaiti zikipita huko kimya kimya, haziombi likizo, hazimsengenyi mtu. Nilizipenda. Maji yakanibembeleza, nikasinzia.
Nilipoamka mashine ilikuwa na jibu. Chemchemi ni ya jirani! Mungu wangu.

Jumatatu, 5 Juni
Nimepata njia. Kabla Alfajiri hajafika, shangazi ampe jirani shamba lake la juu, jirani aachie chemchemi. Jirani alikubali upesi mno, hata chai hakumaliza. Shangazi akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia setilaiti hazina upendeleo. Wameandikishana mbele ya mashahidi. Mimi ni jembe!

Jumatano, 7 Juni
Alfajiri kaja, kapima kutoka ukingoni. Chemchemi ni ya shangazi, tena imo ndani kabisa. Ilikuwa yake siku zote.
Akaniuliza nilisimama wapi. Nikamwonyesha. Akataka kujua kama huwa naingia uvunguni ili nione nani kaja sebuleni. Eti genge liliziba anga, na mawimbi machache ya setilaiti yaliyofika yaligonga mwamba kwanza. Jirani kagoma kurudisha shamba. Anasema walikubaliana.
Kwa hiyo shangazi kanunua maji yake mwenyewe kwa shamba lake lenye rutuba kuliko yote. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida, ila hakunitazama usoni. Niliona aibu mpaka nikaosha vyombo bila kuambiwa.

Alhamisi, 8 Juni
Shangazi kasema nisimpimie tena kitu chochote, hata unga.
Lakini nimewaza usiku kucha, na kosa nimelijua: genge! Shamba la juu halina genge, na nyumba ya jirani iko mpakani hapo hapo. Nikipima huko, sitashangaa nyumba hiyo ikionekana imo upande wetu wa mpaka. Hapo tutabadilishana: yeye abaki na nyumba, sisi turudishiwe shamba. Shangazi atacheka tena, namuona kabisa akicheka.
Asubuhi nimekwenda kuchagua mahali. Kuna msitu mdogo wa mianzi, umefunga juu kama dari, baridi tamu, majani yanavuma taratibu. Mashine itakaa katikati, isiungue na jua. Jirani nimeshamwambia aanze kufungasha.