Kiti cha Tano cha Drumkeale

Jumamosi, 25 Mei

Mabango yangu yametundikwa kwenye kila nguzo ya umeme ya Drumkeale, na katika kila bango ninatazama mbali, kuelekea mustakabali wa taifa. Diwani Concepta Hanratty ametundika picha yake ileile ya miaka ishirini iliyopita, yenye nywele nyeusi ambazo mwenyewe hana tena. Hiyo ndiyo sura ya utawala mkongwe: mwanamke ambaye falsafa yake yote ya siasa ni mashimo ya barabarani na mazishi. Hakosi mazishi. Huingia, humshika mfiwa mkono kwa mikono yake miwili, humtaja marehemu kwa jina la utani, kisha hukaa na chai na sandwichi za nyama ya nguruwe hadi viti vianze kukunjwa. Huo si uongozi. Hiyo ni njaa.

Viti vitano vya baraza la mji, wagombea wanane. Vinne vitachukuliwa na vyama vikubwa. Hata paka wa mjini analijua hilo. Cha tano ni changu au cha Concepta. Kwa ajili ya kiti hicho nimeahirisha mtihani wa mwisho wa shahada yangu, somo la mifumo ya uchaguzi. Profesa aliniuliza kama nimefikiri vizuri. Nilimjibu kwa barua kwamba wako watu wanaoifanya historia na wako wanaoisahihisha kwa wino mwekundu. Akaisahihisha barua yangu. Makosa manne.

Jumatatu, 27 Mei

Wakala wangu, Sorcha Devane, anasoma hisabati na ana moyo wa mtunza stoo. Leo amenifafanulia mfumo kana kwamba mimi ni mtoto wa chekechea. Mpiga kura huandika moja mbele ya mtu wake, mbili mbele ya anayefuata, na kuendelea chini. Mgombea anayeshika mkia huondolewa, na karatasi zake hugawiwa wale waliotajwa wa pili. Kwa hiyo, bwana mkubwa, akasema, usimtukane mtu, maana hujui utamwomba nini siku ya kuhesabu.

Nilimwambia mapinduzi hayaombi namba mbili. Alifungua kompyuta yake akaendelea na mambo yake. Wanahisabati hawana shauku.

Jumatano, 29 Mei

Mdahalo katika redio ya mji. Mpinzani: Phelim Scully, mtu wa mazingira, aliyekuja studio amevaa helmeti ya baiskeli na hakuivua hadi mwisho. Alizungumzia mitaro dakika saba. Nilimwita saladi iliyopanda baiskeli. Mtangazaji alicheka hadi akazima maikrofoni yake.

Scully hakukasirika. Alisema tu, taratibu, “Sawa, kijana. Tutaonana kwenye kuhesabu.” Vitisho vya mnyonge. Nimekinukuu kisa hiki hapa kwa faida ya waandishi wa wasifu wangu.

Ijumaa, 31 Mei

Fikra ya kipekee imenijia. Umma humfuata mshindi; basi umma uambiwe mshindi ni nani. Nimeendesha utafiti wa kisayansi katika kantini ya chuo. Watu arobaini walihojiwa. Thelathini na mmoja watanipigia kura. Asilimia sabini na saba na nusu.

Sorcha aliuliza ni wangapi kati yao wanaopiga kura Drumkeale. Wawili. Mmoja alikuwa mimi. Hajui tofauti kati ya idadi na roho ya idadi.

Vipeperushi elfu tatu vimeagizwa, herufi nyekundu: FIACHRA TUOHY AMEKWISHA KUPITA.

Jumapili, 2 Juni

Niligawa vipeperushi langoni mwa kanisa baada ya misa. Mapokezi ya kifalme. Walinipa mkono, wakanipongeza. Bwana wa duka la nyama alisema hajawahi kumwona mtu aliyeshinda mapema hivi.

Ng'ambo ya barabara alisimama Concepta, koti la mvua, leso mkononi, akiwaambia waumini mmoja mmoja kwamba yeye ameshakwisha. Kwamba watoto wa siku hizi wamemzidi. Kwamba anashukuru kwa miaka yote ile, na wamwombee. Wanawake watatu walimkumbatia. Sijawahi kuona mgombea akijizika mwenyewe hadharani namna ile. Nilimpungia mkono, kwa huruma ya mshindi. Naye akanipungia leso.

Jumatano, 5 Juni

Nyumba kwa nyumba, Mtaa wa Mlimani. Katika mlango wa kwanza mama mmoja mwenye mbwa wawili aliniambia, “Wewe si umeshapita, mpenzi? Hongera. Tunakupenda sana hapa.” Akaongeza kwamba kwa kuwa mimi niko salama, moja yake atampa yule maskini Concepta, na mimi atanipa mbili nzuri. Mlango wa pili vivyo hivyo. Wa tisa vivyo hivyo.

Nilirudi nimejaa fahari: mtaa mzima unanipenda. Sorcha alikuwa mweupe kama maziwa. Anataka tuchapishe vipeperushi vipya kesho kusema kwamba niko hatarini, nahitaji kila namba moja. Anadai mbili iliyoandikwa chini ya jina la Concepta haisomwi kamwe mradi Concepta yumo kwenye mashindano.

Nilikataa. Kiongozi halii barabarani kama muuza samaki aliyepoteza kapu. Nimemkumbusha kwamba Concepta atatoka mapema, na hapo mbili zangu zote zitashuka kama mvua. Aliniuliza nani atamtoa, ikiwa kila mtu anampa moja. Maswali ya kiufundi tupu.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya kura. Niliwapeleka wanafamilia hadi shule ya msingi kwa gari la mama: bibi yangu Attracta mwenye miaka themanini na nne, mama mwenyewe, na shangazi Dympna. Waliingia pamoja, wakatoka pamoja, wakiwa na nyuso za watu waliotoka kuungama. Bibi alinibana shavu akasema leo wamefanya jambo la kiungwana, na kwamba babu angejivunia. Nilitokwa na machozi kidogo. Ni upepo.

Jumapili, 9 Juni

Ukumbi wa michezo, harufu ya raba na jasho la vizazi. Makarani wanakunjua karatasi mezani. Sisi tumezuiwa nyuma ya uzio. Mzee Pádraic Lavelle, tarishi mstaafu, ameegemea uzio huu kila uchaguzi tangu kabla sijazaliwa, penseli sikioni, akipiga alama kwa kila karatasi anayoiona ikipita. Adhuhuri aliniita pembeni. “Kijana,” akasema, “sijawahi kumwona mtu mwenye mbili nyingi kama wewe. Umewashinda wote.” Nilimshukuru. Akanipa peremende.

Hesabu ya sita. Vigogo wanne wameshapita. Tumebaki watatu kwa kiti kimoja: mimi, 1,012, Concepta, 878, Scully mkiani. Nimemzidi kwa mia moja thelathini na nne. Niliomba kipaza sauti. Nilinyimwa.

Scully akaondolewa, karatasi zake mia nne zikaanza kugawiwa. Alisimama karibu nami, helmeti kichwani, tukitazama rundo la Concepta likipanda. Mia na sitini zilikwenda kwake. Kwangu, ishirini na moja. Zilizobaki zilikuwa za watu wasiotutaka sote wawili. Scully alichomoa jani la saladi kwenye sandwichi yake akalila polepole, akinitazama.

Concepta, 1,038. Tuohy, 1,033.

Kura tano! Taifa limejikata mguu kwa kura tano.

Jumatatu, 10 Juni

Nilidai zihesabiwe upya. Zilihesabiwa. Tano.

Niliomba angalau mbili zangu zilizolala chini ya jina la Concepta zisomwe kwa sauti, kwa ajili ya kumbukumbu. Msimamizi alisema karatasi za mshindi hazina haja ya kwenda popote, na kwamba ukumbi una mashindano ya badminton saa kumi.

Nyumbani, chai. Nililaani wajinga wa mji huu waliompa Concepta moja kwa huruma. Mama alianza kukoroga chai ambayo hakuitia sukari. Shangazi Dympna akaangalia dirishani. Bibi ndiye aliyesema: “Lakini wewe ulikuwa umeshapita, mwanangu. Tumesoma kwenye karatasi yako nyekundu.” Wote watatu. Moja kwa Concepta, mbili kwangu, maandishi safi kabisa.

Sorcha alipiga hesabu kwenye leso ya karatasi. Toa tatu kwake, ongeza tatu kwangu: nimeshinda kwa moja. Aliniwekea ile leso mbele yangu akaenda kuchukua biskuti.

Saa kumi na moja mlango uligongwa. Concepta, koti la mvua, sinia la sandwichi za nyama ya nguruwe. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. “Pole sana, Kifaranga,” akasema. Jina ambalo marehemu babu pekee ndiye aliyeniita. Alikaa hadi saa mbili. Tulikula zote.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwisha kuichambua hali bila kuionea haya. Kosa halikuwa la mkakati. Mkakati ulifika mapema kuliko watu. Elfu tatu zilikuwa vipeperushi vichache mno. Inasemekana uchaguzi wa bunge utaitishwa kabla ya mwaka kwisha, nami nitasimama. Mtihani wa marudio ni Agosti, siku ileile niliyopanga kuzindua kampeni, profesa ameshaarifiwa. Sorcha amejiuzulu kwa barua ya mstari mmoja wenye milinganyo miwili. Nitaendesha utafiti mwenyewe, safari hii kwa watu themanini.

Rasimu iko tayari, herufi kubwa zaidi: TUOHY AMEKWISHA KUPITA, SAFARI HII KWELI. Nilimsomea bibi jikoni. Aliniuliza kama bungeni nitakuwa salama. Nikamwambia, salama kabisa, hakuna shaka hata chembe.

Amefurahi sana. Amesema basi anajua la kufanya na ile moja yake.