Mguu Wangu Haupimwi

Jumamosi, 4 Mei

Nimefura. Naandika huku nakandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kaja kula chakula cha mchana kwa baiskeli. Tena si baiskeli ya kawaida. Ya mbio! Usukani umejikunja kama pembe za kondoo, tairi nyembamba kama kidole changu. Akaiingiza sebuleni. Akaiegemeza kwenye ukuta nilioupaka rangi kwa mkono wangu. Mwenyewe kavaa nguo zilizombana kiasi kwamba mimi, fundi cherehani, nilimwonea huruma aliyezishona.

Meza nzima ikawa ni yeye. Mlima gani kapanda, mapafu yamefunguka vipi, tumbo limekwenda wapi. Mama mkwe akasema mwanawe karudi ujana. Kisha akaniangalia mimi. Si usoni. Tumboni!

Nikasema hata mimi niliendesha sana za mbio enzi zangu. Sijui maneno yalitokea wapi. Yalitoka tu, na yalipotoka yakanipendeza, nikayaongezea vikombe viwili vya ushindi. Mke wangu akapaliwa na maji.

Shemeji akafurahi mno, mnafiki yule. Basi Jumapili ijayo kundi lao la baiskeli linapanda mlima wa tangi la maji, lazima niende. Akauliza siku hizi natumia baiskeli gani. Nikamjibu nipo katika kuchagua. Ndiyo, kuchagua! Mtu wa kiwango changu habebi tu chochote anachokiona.

Mke wangu anasema kusema kweli bado kunawezekana, simu ipo mezani. Nimemgeuzia mgongo.

Jumatatu, 6 Mei

Muuza baiskeli hana adabu.

Nimefunga kibanda changu mapema nikaenda dukani kwake. Nikamwambia nataka ya mbio, yenye kasi. Badala ya kuuza, akaanza maswali kama daktari. Nitaendesha tambarare au milimani? Mgongo unauma? Mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa lini? Nikamwambia sikuja kupimwa presha.

Akasema basi anipime mguu. Akanisimamisha ukutani, akanivua viatu, akanipa kitabu kinene nikibane katikati ya mapaja, akachuchumaa na tepu. Mimi! Mimi ndiye ninayepima watu mtaa huu! Tepu yenyewe kaishika kama mtu aliyeshika nyoka. Kisha akaisoma namba kwa sauti, mbele ya mama mmoja aliyekuja kununua pampu. Yule mama akanitazama miguu kwa huruma.

Nikamwambia tepu yake imevutika. Haijavutika. Namba ile naijua vizuri sana, ndiyo maana suruali zangu nazikata mwenyewe mlango ukiwa umefungwa.

Akaniletea kibaiskeli kidogo cha bluu. Akasema kwa anayeanza, rangi si kitu na jina si kitu. Gia utabadilisha, tairi utabadilisha, hata tandiko, lakini fremu isipokukaa mwilini umekwisha. Maneno hayo hayo mimi huwaambia wateja wangu kuhusu mabega ya koti. Sikuyapenda kabisa yalipogeuzwa kwangu.

Nikamuuliza shemeji yangu alichukua saizi gani. Kubwa, akasema, yule ni mrefu. Nikamwambia basi mimi nipe iliyozidi hiyo. Ipo moja nyeusi, imetundikwa juu ukutani, ndefu kama ngazi. Nikaipenda palepale.

Akanisihi walau niijaribu uani. Nikakataa. Nijaribu mbele ya mama wa pampu? Kwangu hatoki mteja bila kujaribu, lakini suruali ni suruali. Akasema ikitoka mlangoni haipokei tena. Nikamwambia hataniona tena maisha yake yote.

Jumanne, 7 Mei

Sielezi nilivyovuka ule mtaimbo wa juu wa fremu. Mambo mengine hayaandikwi. Itoshe kusema leo nimekaa kwa ubavu mchana kutwa.

Nimeshusha tandiko mpaka lilipogoma kushuka. Miguu bado haifiki chini. Pedali zikiwa chini kabisa nazigusa kwa ncha za vidole, kama mtu anayetafuta ndala gizani.

Nimegundua ujanja wa kupandia. Naiegemeza kwenye kizingiti cha kibanda, nasimama juu ya kizingiti, najirusha. Inakwenda! Inakwenda vizuri ajabu. Tatizo ni kusimama. Haisimamiki pasipo ukuta au mlingoti.

Nikaenda nayo mpaka kwenye mzunguko wa magari. Ukuta hakuna. Nikazunguka. Nikazunguka tena. Trafiki akanipa ishara nipite, nikampita. Akanipa tena. Mara iliyofuata akaniuliza kwa ukali naelekea wapi. Nikamjibu kwamba nafanya mazoezi ya kona. Hatimaye nikaukumbatia mlingoti wa taa, nikabaki nimeukumbatia, watu wanapita na kunisalimia.

Nani aliyejenga mzunguko bila ukuta? Mji huu hauna mipango.

Alhamisi, 9 Mei

Shemeji kaja kibandani na suruali nimpunguzie kiuno. Suruali niliyomshonea mwenyewe mwaka jana! Anasema amekonda kwa ajili ya milima. Akaivaa, akaivuta mbele yangu kuonyesha nafasi iliyobaki. Angeweza kumweka mtoto humo ndani.

Akatoka. Nikaipunguza alivyotaka, kisha nikapunguza zaidi, kisha zaidi, kwa furaha. Nikawaza atakavyohangaika na kifungo.

Jioni akaja, akaivaa. Ikamkaa kama ngozi. Akanishika bega, akasema kweli mimi ni fundi, nimeona kwa jicho tu alichokuwa anaona aibu kukitaja: kwamba aliitaka ya kubana.

Nilipiga meza mpaka kopo la vifungo likamwagika. Nimeokota vifungo mpaka jua limezama.

Ijumaa, 10 Mei

Kaptula za baiskeli zina mto mdogo wa kukalia. Dukani wanaziuza kama zimeshonwa kwa nyuzi za dhahabu. Wezi! Nimeshona yangu. Kitambaa cha bitana nyeusi, na kwa mto nimetumia sponji ya kiti cha sebuleni, ile nene. Mshono safi, mara mbili. Nimeivaa na kukaa sakafuni: raha tupu. Mke wangu kauliza kwa nini kiti kimoja cha sebule kimebonyea. Nimemwambia ni uzee.

Pia nimempelekea fundi viatu raba zangu aziongezee soli. Akauliza kama naoa au naozesha. Nikamjibu afanye kazi yake. Akabandika soli juu ya soli. Sasa natembea kama kuku aliyekanyaga gundi, lakini kidole gumba, nikiinama upande, kinagusa ardhi.

Jumapili niko tayari. Shemeji ataniona mgongo.

Jumapili, 12 Mei

Mvua! Kwa nini leo?

Kundi lilikutana pale kituo cha mafuta. Watu wengi, wote wamekonda, wote wanatabasamu. Shemeji akanitambulisha kuwa bingwa wa zamani. Wakataka kujua kuhusu vile vikombe. Nikawaambia vipo kwa mama yangu. Mmoja akaitazama baiskeli yangu, akanitazama mimi, akaitazama tena baiskeli. Sikumpa nafasi ya kufungua mdomo. Nikajirusha kutoka kwenye ukingo wa barabara na kuondoka wa kwanza.

Tambarare nilikuwa mbele. Naliandika hili kwa herufi nzito. MBELE.

Kisha mvua ikashuka, na sponji ikaanza kunywa. Sikulijua hilo la sponji. Fundi gani analifikiria? Ikanywa na kuvimba mpaka nikawa nimekalia beseni. Kila nikikanyaga pedali maji yananichuruzika mapajani mpaka ndani ya raba, na raba, kwa aibu gani sijui, zikaanza kuachia soli. Moja ikabaki barabarani. Ya pili ikamfuata mwenzake.

Chini ya mlima wote wakasimama kupumzika. Walisimama tu, hivi hivi, kama watu. Mimi nikatafuta ukuta. Hakuna ukuta. Hakuna mlingoti. Kulikuwa na mtaro.

Mke wangu alinikuta humo. Alikuwa amekuja nyuma kwa pikipiki ya kukodi, kanibebea maji ya kunywa na fulana kavu. Shemeji akanitoa kwa upole, akasema yatosha, hakuna aliyenilazimisha. Upole wake ulinichoma kuliko mtaro. Akasema gari la kubeba baiskeli liko juu kwenye tangi, atamtafuta mtu wa kuisukuma hii yangu hadi huko.

Mke wangu akasema ataisukuma yeye.

Akaishika usukani. Akaitazama kidogo. Halafu akapitisha mguu juu ya ule mtaimbo, hivi, bila kujirusha, bila kizingiti, akakaa. Mguu mmoja chini, umetulia. Mikono imefika ilipotakiwa kufika. Mgongo umelala sawasawa.

Nimeshona maisha yangu yote. Najua kitu kilichokatwa kwa ajili ya mtu nikikiona. Na suruali aliyovaa niliikata mimi, kwa hiyo naijua namba ya mguu wake, nayo inaizidi yangu kwa kiasi ambacho hatujawahi kukizungumza nyumbani.

Akasema anafika kwenye kona tu kisha atashuka. Akafika kwenye kona. Hakushuka. Nikaita. Akaendelea kupanda, polepole, mvua inampiga, hasimami. Kundi nalo lilikuwa limeanza kupanda; akampita yule aliyeitazama baiskeli yangu. Akampita shemeji! Kundi zima likampigia makofi.

Nikapanda mlima kwa miguu, sponji imening'inia kama mkia.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeamka, hayupo. Baiskeli haipo. Chai haipo!

Karudi watoto wakiwa wamekwisha kwenda shule, amelowa jasho, anaimba. Mama mkwe kapiga simu kumpongeza. Akaniambia na mimi pole.

Nikamkalisha mke wangu, nikamweleza wazi kwamba ile baiskeli ni yangu, niliichagua mimi, kwa utafiti wangu. Akaenda kuileta, akaisimamisha mbele yangu katikati ya uwanja.

"Haya," akasema. "Panda nikuone."

Jirani alikuwa anaanika nguo. Sikupanda. Nikasema goti linauma.

Akakaa kwenye ngazi, akafungua kamba za viatu. Akaniambia, taratibu, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba jana kule juu, kwa mara ya kwanza tangu tuzae, alikaa kitambo kizima bila kusikia mtu anamwita.

"Mimi nilikuwa nakuita," nikamwambia. "Huku chini. Nimeita mpaka sauti ikakauka."

"Najua," akasema. "Nilikusikia pale kwenye kona. Baadaye sikusikia tena."

Akaingia kuoga. Nimebaki uani na hasira zangu, sijui nizipeleke wapi. Nimempigia jirani kelele kuhusu kamba yake ya nguo. Inapita kwenye upande wetu.

Jumatano, 15 Mei

Nimerudi kwa muuza baiskeli. Nimesubiri mpaka duka likawa tupu. Nikamwambia nina mteja wangu, mtu mfupi kidogo, kaniomba nimtazamie ile ya bluu. Hakuuliza lolote. Hakucheka. Akaishusha, akaishusha na tandiko, akanifungulia mlango wa uani. Heri angecheka.

Nikapanda.

Basi ikanikaa. Sijui niandike vipi. Ikanikaa kama koti la mtu aliyepimwa na fundi mwenye akili. Nikakanyaga, ikaondoka. Nikashika breki, ikasimama, na miguu yangu yote miwili ilikuwa chini. Nikatoka nje, nikazunguka mtaa, upepo masikioni, na kwa mwendo wa mtaa mzima sikumkasirikia mtu hata mmoja.

Hilo lenyewe likanikasirisha niliporudi. Kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo, na kitabu chake, na tepu yake!

Nilikuwa karibu kabisa kuichukua. Mkono ulikwisha ingia mfukoni. Kisha nikajiona Jumapili mlimani: mke wangu mbele juu ya lile ngazi jeusi, mimi nyuma kwenye kadogo ka bluu, kama ndama anayemfuata ng'ombe. Na shemeji ananisubiri juu kwa upole. Nikautoa mkono mfukoni mtupu.

Hapo ndipo nilipogeuka, nikaiona kwenye pembe ya duka, imefunikwa turubai.

Jumamosi, 18 Mei

Nimeshinda.

Ni ndefu kama benchi. Fremu moja, tairi mbili, matandiko mawili, sukani mbili, pedali seti mbili. Baiskeli ya watu wawili! Mmoja mbele, mmoja nyuma. Wa mbele anashika njia, wa nyuma anakanyaga na kutazama mgongo wa mwenzake.

Muuza baiskeli alijaribu tena kunifundisha. Anasema tandiko la mbele la hii limetengenezwa kwa mtu mrefu, la nyuma kwa mfupi. Anasema ni lazima wote wawili waje wajaribu, wapatane nani anakaa wapi, la sivyo watagombana kabla ya kufika kona ya kwanza. Nikamwambia airudishe tepu yake kwenye droo. Katika nyumba yangu wa mbele anajulikana.

Ile nyeusi kaipokea kama sehemu ya malipo. Alisema hapokei tena kilichotoka mlangoni kwake, lakini nilipomwambia mke wangu ndiye aliyeomba, akalegea. Kumbe anampenda mke wangu, alimwona akipita barabarani. Akauliza mara mbili kama nina uhakika. Mtu haniamini hata nikiwa nimesimama mbele yake!

Nimeifikiria kila upande. Apande mlima anavyotaka, aimbe anavyotaka, awe na miguu mirefu kama twiga. Kwenye hii, wa nyuma hampiti wa mbele. Haiwezekani. Na nikimwita, nitakuwa palepale, hatua moja kutoka sikioni mwake. Atanisikia.

Nimeiweka ubavuni mwa nyumba, nimeifunika shuka. Namsikia uani, kofia ameshaivaa, anawauliza watoto ni nani kaichukua baiskeli yake. Baiskeli yake! Sasa anauliza kwa sauti kubwa zaidi.

Nimempigia kelele nikiwa humu chumbani kwamba afumbe macho, nakuja.