Saini ya Tano

Jumanne, 14 Novemba 2017

Leo nimepata wazo. Kubwa. Jeanne anasema maneno haya huyasema kila mwezi mwandamo. Lakini Jeanne ni mke wangu, na nabii hana heshima nyumbani kwake.

Lindo langu liko Sandton, mapokezi ya jengo la benki. Kusimama, kusalimu, kufungua geti. Bwana Gichuki, Mkenya wa orofa ya saba, huniachia gazeti akishalisoma. Habari ya leo: jana kule Brussels nchi ishirini na tatu za Ulaya zimetia saini kujilinda pamoja. Kununua silaha pamoja, kufanya mazoezi pamoja, kutuma askari pamoja. Watu waliochinjana vizazi na vizazi! Sasa meza moja, kalamu moja.

Nikaiwaza korido yetu ya maduka kule Jeppe. Wageni watupu, na kila mmoja anajilinda kivyake. Jeanne ana saluni, na panga chini ya sinki. Bakiri, Mtanzania anayetengeneza simu, ana kamera. Bi Mwatumu wa mgahawa, mtu wa Tanga, ana mafuta ya moto. Lambert, fundi cherehani, Mrundi, ana mkasi na sala. Maduka manne. La tano, mwisho kabisa, shata lake la chuma halijawahi kufunguliwa tangu tufike. Hilo halihesabiki.

Na maneno yameanza tena mtaani. Eti mwisho wa mwezi wenyeji wataandamana ili sisi wageni tuondoke. Tutapigwa mmoja mmoja kama kuku. Tunahitaji ulinzi wa pamoja. Na ulinzi wa pamoja unahitaji kamanda. Simtaji jina. Sare anayo tayari.

Jumatano, 15 Novemba

Nilimwuliza Bwana Gichuki kamanda wa Ulaya ni nani. Akasema hapo ndipo penye kigugumizi: kila nchi inabaki na jeshi lake, hakuna anayetaka kuamriwa na mwenzake. Akasema pia wana vikosi vya zamu miaka kumi sasa, viko tayari wakati wote, na havijatumwa popote hata siku moja. Nikamwambia basi vinafanya kazi vizuri sana. Akaokota mkoba wake. Lifti ilikuwa imefika.

Jioni, mkutano mgahawani. Bakiri akadai ukamanda: anayeona ndiye anayeongoza, na kamera ni yake. Nikamwambia jicho halijawahi kuwa kichwa. Lambert akasema yeye hana upande, humshonea kila mtu, hata hao wanaotaka kumfukuza. Nikamwambia Austria nayo haina upande na imetia saini. Hakuijua Austria. Akaona aibu, akakubali.

Bi Mwatumu aliuliza jambo moja tu. Siku hiyo ikifika, tutafunguliana milango kweli? Nikamwambia ndiyo ahadi ya kwanza. Akaenda kukoroga maharage.

Ulaya wana ahadi ishirini. Mimi nimefika kumi na moja. Ya nne na ya tisa zinafanana. Saini nne, mkataba umebandikwa ukutani. Suala la kamanda limeahirishwa. Fitina za Bakiri.

Jumamosi, 18 Novemba

Zoezi la kwanza. Filimbi nne, nimeziazima stoo ya kazini. Stoo haijui. Kanuni ni rahisi: mmoja akipuliza, wote wanajibu na kutoka nje.

Saa nne asubuhi nikapuliza. Lambert akajibu. Bakiri akajibu, kwa dharau. Bi Mwatumu akajibu.

Kisha ukajibu mluzi.

Si filimbi. Mluzi wa mdomo, mrefu, unaopanda mwishoni kama mtu anayeuliza swali. Ulitoka mwisho wa korido, nyuma ya shata la namba tano. Nikageuka kumkemea Bakiri. Bakiri alikuwa mbele yangu, filimbi bado iko midomoni, macho yamemtoka.

Bi Mwatumu aliangusha upawa. Akasema ni upepo kwenye bomba. Hakukuwa na upepo. Hata vitenge vya Lambert vilikuwa vimening'inia wima.

Nimeandika kwenye kumbukumbu: zoezi limefaulu.

Jumatatu, 20 Novemba

Saini ni tano!

Chini ya jina la Lambert kuna jingine, kwa penseli nene, herufi safi za mtu asiye na haraka. Joël, namba tano. Nikaielewa njama mara moja: Bakiri anajitengenezea mpiga kura. Nikamwambia mbele ya watu.

Bakiri aliumia. Hakupiga kelele. Alinikalisha dukani kwake akanionyesha picha za kamera za jana. Jumapili, saa sita mchana, korido imefungwa kwa mnyororo, sisi wengine tuko kanisani. Jua limelala sakafuni. Karatasi ya mkataba iko ukutani, imetulia. Kisha pembe ya chini inainuka. Inanyooka, inakazwa, kama vile mtu ameishikilia kwa kiganja. Inakaa hivyo, muda wa kuandika jina. Halafu inashuka polepole.

Hakuna mtu.

Tuliirudia mara nne. Mara ya nne nikagundua tumeshikana mikono. Nikautoa wangu. Kamanda hashikwi mkono. Nimeandika: Bakiri ni fundi wa kuchezea picha.

Jumatano, 22 Novemba

Jeanne alinivuta hadi mgahawani. Akasema, Papa Chloé, leo usikilize, usiongee.

Bi Mwatumu yuko Jeppe tangu mwaka 2004. Joël alikuwa fundi viatu, Mkongo kama sisi, mtu wa Likasi. Mpole, mpenda chai. Asubuhi, akiitaka chai, hakuita jina; alipiga mluzi unaopanda mwishoni, na Bi Mwatumu alimpelekea kikombe. Ikafika Mei ya 2008. Watu walianza kuwapiga wageni mtaa wa Alexandra, siku chache baadaye wakawa hapa. Bi Mwatumu alikuwa amekwisha kujifungia dukani. Joël alikuwa nje.

"Alikuja mlangoni kwangu, baba Chloé," alisema. "Hakupiga kelele. Alipiga mluzi uleule wa chai. Na mimi nilikuwa ndani nimeling'ang'ania shata kwa mikono miwili, lisifunguke."

Alimtafuta hospitalini, kambini, mochwari. Hakumpata, hai wala maiti. Waliopangishwa namba tano baada yake hawakumaliza wiki. Hakuna aliyethubutu hata kuvigusa viatu alivyoviacha rafuni.

Nilimpa pole. Kisha nikamweleza, kwa upole, kwamba mwanachama asiyehudhuria vikao hana haki ya kupiga kura. Jeanne alinikanyaga mguu. Bado umevimba.

Alhamisi, 30 Novemba

Nilipiga simu kazini kwamba nina homa. Nilipofika Jeppe haikuwa uongo tena.

Saa tano asubuhi waandamanaji walipita barabara ya Jules wakiimba, na mabango yao. Wengi walivuka robot, zile taa za barabarani, wakaendelea zao. Lakini nyuma yao kundi la wanaume, kumi na tano hivi, lilikata kona likaingia koridoni. Fimbo, nondo, dumu moja la plastiki. Hawakuwa wakiimba.

Nikapuliza filimbi. Haikulia. Nikapuliza tena. Mdomo ulikuwa mkavu kama gunzi, pumzi ilitoka bila sauti.

Kuanzia hapo nilisimamia operesheni kutoka chooni mwa saluni. Ni mahali pazuri kwa kamanda. Pana kidirisha kinachoangalia korido yote.

Nikasikia mashata yakishuka. La Bakiri, la kwanza kabisa! La Lambert. La Bi Mwatumu. Ahadi kumi na moja, zote chini kwa mara moja. Jeanne peke yake alibaki mlangoni, panga mkononi, akitetemeka mpaka hereni zinalia. Wale watu walimkaribia. Mmoja alianza kufungua kizibo cha dumu.

Ndipo mluzi ukalia.

Mrefu. Unaopanda. Wale watu wakasimama. Kijana mwenye kofia ya njano akauliza kwa Kizulu ni nani huyo. Mluzi ukalia tena, safari hii karibu, katikati yao kabisa, na nikawaona wakitazamana midomo. Hakuna aliyekuwa ameikunja.

Shata la mgahawa likaanza kupanda. Bi Mwatumu alitoka na sufuria ya mafuta. Hakuwatazama.

"Nakuja, Joël," alisema. "Safari hii nakuja."

Alipita katikati yao, nao wakampisha. Akasimama mbele ya namba tano, akaliegemea shata kwa mgongo wake. Lambert akafungua, akatoka na mkasi. Bakiri akatoka na kiti. Wakajipanga pamoja naye, na Jeanne pia. Watu wanne mbele ya duka ambalo halina mtu.

Wale wanaume hawakuwa wakiwatazama wao. Walikuwa wakilitazama shata. Chuma kilikuwa kinatuna kwa nje, taratibu, sehemu mbili, kila moja upana wa kiganja, kila upande wa mabega ya Bi Mwatumu. Kama mtu aliye ndani anamshikilia asianguke.

Kijana wa kofia ya njano akasema eish, kwa sauti ndogo. Wakatoka wakitembea. Walipofika barabarani nikasikia wanakimbia.

Nilitoka hali ilipotulia. Wote walikuwa wanalia. Mimi nilikagua korido.

Ijumaa, 1 Desemba

Bi Mwatumu alimlazimisha mwenye jengo akate kufuli la namba tano. Sote tulikwenda. Mimi nilikwenda nyuma, kulinda nyuma.

Vumbi lilikuwa zito kama unga, kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna alama ya mguu. Hata ya panya. Kwenye rafu, viatu jozi jozi, kila jozi na kikaratasi cha jina la mwenyewe. Jozi moja haikuwa na vumbi. Viatu vyekundu vya kike, soli mpya, gundi bado inanukia. Kikaratasi: Mwatumu. Alikuwa amevipeleka vishonwe Mei ile ya 2008.

Alivivaa palepale. Vikamtosha, na mguu wake umenenepa tangu wakati huo. Alitoka navyo, tukamsikia akitembea korido nzima, kwenda na kurudi.

Tumefunga tena. Sasa kila asubuhi anaweka kikombe cha chai mbele ya shata. Adhuhuri kiko kitupu. Lambert anasema ni panya. Sijawahi kuona panya anayekunywa chai akakifunika kikombe kwa kisosi.

Jumanne, 12 Desemba

Gazeti la Bwana Gichuki: jana Ulaya imeuzindua rasmi muungano wake. Wamefika nchi ishirini na tano. Ireland imeingia, na Ureno. Bwana Gichuki anasema saini si kitu. Mtihani ni siku mmoja atakapoita, nani atatoka nje. Nikamwambia sisi mtihani huo tumeufaulu chini ya uongozi wangu. Akaniuliza mimi nilikuwa wapi. Nikamfungulia geti.

Uchaguzi wa kamanda ni Jumamosi. Nimepiga hesabu. Lambert anampigia Jeanne. Bi Mwatumu anampigia Jeanne. Bakiri amejitoa, naye anampigia Jeanne! Jeanne hata hagombei. Anasema kura ya saluni ni yake, na hajaamua. Mume wake wa ndoa!

Imebaki kura moja, na moja ikianza, nyingine hufuata. Nimemrudishia namba tano haki yake ya kupiga kura, kuanzia tarehe ya saini. Nikamwandikia barua nzuri. Ndugu Joël, mwanachama mwenzangu, mtu wa nyumbani. Nikamwahidi unaibu kamanda na shata jipya. Mchana, wenzangu wakiwa wanakula, nilipiga magoti nikaisukuma chini ya chuma. Nusu yake ilibaki nje.

Nikasubiri. Sakafu ilikuwa ya baridi, na nje lilikuwa jua la Desemba.

Karatasi ikavutwa ndani. Polepole, bila kukwaruza, mpaka ncha ikapotea. Nikasikia penseli. Kisha ikarudi, imekunjwa mara mbili, ina joto kama kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu.

Ndani, chini ya maneno yangu yote, neno moja kwa herufi zisizo na haraka. Jeanne.

Kumbe Bakiri amemfikia kabla yangu! Haidhuru. Siku nne bado. Kesho chai yake naipeleka mwenyewe, sukari vijiko vitatu.