Ombi la Kuuokoa Ukuta wa Sebule Dhidi ya Chokaa

Sofu, Kibaha.

Kwa Mzee Mwinyimadi,
Baba Mdogo wa mume wangu na Msimamizi Mkuu wa Upakaji Chokaa,
Kisarawe.

Baba Mdogo mpendwa, shikamoo.

YAH: UKUTA WA SEBULE YAKO KUTOPAKWA CHOKAA

Na ndiyo maana nilipiga yowe kwenye simu, Baba, wala si kwa kukosa adabu. Ulisema kwa furaha kabisa, "Tunapaka nyumba nzima chokaa, mwanangu, Shangazi yako Hamisa ameshaanza na ukumbi, ukija uikute inang'aa." Nikapiga yowe, na hapo hapo chaji ikaisha. Kitwana alikuja mbio akidhani nimeumwa na nge.

Kwa kuwa naomba barua hii isomwe mbele ya familia nzima, wakiwemo wajomba ambao hawakuhudhuria harusi, nitaeleza kutoka mwanzo. Mimi ni Kabula binti Limbu, mke wa Kitwana tangu mwezi uliopita. Mke wa Kitwana. (Naomba radhi, napenda tu kuliandika.) Siku ya harusi ulitupa zawadi ya gari lako dogo la Kijapani, gari lililonizidi umri, na hadi leo nikiliona limeegeshwa nje ya dirisha letu machozi ya shukrani hunilengalenga.

Lakini miaka ile ulipokuwa nalo, Fundi Said alizichomoa nyaya zote za dashibodi akaziunga upya kwa akili yake mwenyewe. Ili asisahau, alichora mchoro wake kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule yako: waya upi una rangi gani, unatoka wapi, unaingia wapi. Kitwana anasema ulipomuuliza kwa nini hakutumia karatasi, fundi alikujibu, "Mzee, karatasi hupotea. Umewahi kusikia ukuta umepotea?"

Sasa ndio unataka kupotea. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Ukibonyeza honi, waipa zinafuta kioo. Ukiwasha waipa, honi inalia. Juzi mvua ilitukuta Maili Moja, tukapiga honi bila kukoma mpaka mlangoni kwetu. Watu wakadhani ni harusi nyingine. Akina mama wauza matunda walitupigia vigelegele, nami ningefanya nini, nikawapungia mkono.

2. Geji ya mafuta husema tangi limejaa wakati wote, kama moyo wangu. Mafuta yalituishia Misugusugu. Tukakaa juu ya boneti tukila mahindi ya kuchoma, Kitwana akinieleza alivyokuwa akiniogopa kabla hajanitongoza, mpaka rafiki yake Silas akaja na galoni la petroli. Badala ya kumshukuru, mume wangu alimwambia, "Mbona umewahi hivyo?" Silas amesema hatatuletea tena.

3. Kengele ya mkanda hulia nikikaa vizuri kwenye kiti changu, na hunyamaza nikiegemea upande wa dereva. Mimi hilo nalivumilia. Lakini wiki iliyopita tulimpa lifti baba yangu mzazi, Mzee Limbu, mfugaji, mtu anayemheshimu mkwewe kwa kukaa naye mbali kabisa. Kengele ilipolia akajaribu kuvumilia, akashindwa, akalazimika kumwegemea mkwewe begani mpaka mnadani. Alishuka bila kuaga. Jioni akanipigia: "Kabula, ng'ombe ana waya gani? Uzeni hilo gari."

4. Mume wangu amepotelea chini ya dashibodi. Akitoka kazini anavua viatu, anaingiza kichwa, na nabaki nikiitazama miguu. Baba Mdogo, nimeolewa na miguu miwili na sauti inayosema, "Sogeza tochi, mpenzi." Ni miguu mizuri, sikatai, lakini niliahidiwa mtu mzima. Wakati mwingine huniita niingie nami humo nimshikie waya mwekundu, tukabanana pua kwa pua. Yeye anatazama waya, mimi namtazama yeye. Jirani yetu Mama Margareta alipita akatuuliza, "Nyie watoto, nyumba si mnayo?"

5. Msidhani hatukutafuta mchoro kwingine. Kitwana ameupekua mtandao wote. Aliupata mmoja, umeandikwa Kijapani, na ukiutazama hujui juu ni wapi wala chini ni wapi. Muuza vitabu mmoja alimwapia kuwa anacho kitabu chenyewe, tulipofungua tukakuta ni cha trekta. Katika kundi la simu la wenye magari ya zamani, bwana mmoja mwema sana alituma mchoro wa friji. Hata hivyo yote hayo ni bure, maana waliolitengeneza gari hawajui alichokifanya Fundi Said. Naye siku hizi anafuga kuku huko Masasi. Tulipompigia alituambia, "Shemeji, gari hilo nalikumbuka kwa moyo wote. Nyaya ndizo nilizouachia ukuta."

6. Ipo picha moja tu ya ukuta huo, ile ya siku Kitwana aliponileta kwenu kunitambulisha. Mtakumbuka Shangazi Hamisa alisema, "Wewe binti, njoo katikati, mgeni hasimami pembeni." Nikaja katikati. Hivyo katika picha fyuzi zote, honi, geji na kengele zimefunikwa na mimi. Kitwana huikuza picha hiyo kwenye simu akitafuta waya unaotokeza nyuma ya sikio langu, halafu akifika kwenye tabasamu anasahau alichokuwa akitafuta, na kazi inalala.

7. Hili ndilo kubwa. Mume wangu ameapa kwamba hatanileta Kisarawe kama mke wake mpaka dashibodi ipone. Anasema ni zawadi yako, na anataka uione nzima. Kwa hiyo bila ukuta hakuna mchoro, bila mchoro hakuna kupona, na bila kupona hakuna safari. Nanyi mnaupaka chokaa kwa ajili ya nani? Kwa ajili yangu mimi, ninayekuja. Baba Mdogo, mnanipokea kwa kunifungia njia!

Kwa hayo yote, naomba mambo madogo tu.

Pakeni kuta nyingine zote, huo mmoja uacheni. Najua Shangazi amesema bibi harusi hapokelewi mbele ya masizi. Bibi harusi mwenyewe ni mimi, na nimeyasamehe masizi hayo kwa moyo mweupe.

Ikiwa Shangazi hatakubali, utundikieni pazia. Ikiwa pazia litaleta maswali, basi ukateni ukuta taratibu mtutumie Kibaha kwa lori la matofali, tutaupokea sisi wenyewe na tutaufunika mvua ikinyesha. Kitwana anasema ukuta huo ndio uliobeba paa. Sawa, shusheni paa kwanza. Nyota za Kisarawe ni nzuri, mimi niliziona siku ile, na sidhani kama mtajuta.

Na kama kuhamisha ukuta ni kazi nzito, basi gari lije kwa ukuta. Bomoeni mlango wa mbele upanuke kidogo, toeni makochi nje, nasi tutaliingiza gari sebuleni kwa kulisukuma. Mimi na Kitwana tutaishi humo humo mpaka waya wa mwisho upate kwao. Hatutakuwa mzigo. Wageni wenu watatusalimia kupitia kioo, nasi tutaitikia. Nitapika, nitafagia mpaka chini ya matairi, na Shangazi akitaka kunifunda yale aliyosema bado sijafundwa, nitashusha kioo nimsikilize kwa utulivu.

Wasalimie wote: Shangazi Hamisa, nampenda hata akiwa ameshika brashi, binti yake Tatu, wajomba, na yule jogoo aliyenikimbiza. Kitwana anawasalimu pia. Amenyoosha mguu kuonyesha.

Mimi mkazamwana wako mwenye furaha iliyopitiliza na huzuni ya kiufundi,

Kabula, mke wa Kitwana.

N.B. Baba Mdogo, nilikuwa natafuta bahasha simu ya Kitwana ilipolia. Tatu ametuma picha aliyoipiga siku ile ile ya utambulisho, ya sufuria la pilau. Nyuma ya sufuria uko ukuta wote, fyuzi kwa fyuzi, bila mimi. Kitwana aliruka akagonga kichwa, akarudi chini ya dashibodi, na kabla chai haijapoa akatoka akiwa mtu mzima, uso na kila kitu. Honi inalia honi. Waipa zinafuta. Geji imesema ukweli. Nikakaa kwenye kiti changu, dirishani, kimya. Hakuna kengele.

Tukaenda Mlandizi kulijaribu. Tukajaza mafuta mapema kama watu wazima, hatukukwama popote, hakuna aliyetupigia kigelegele, na tukarudi mapema mno. Tumefika nyumbani tumekaa kila mtu upande wake kama abiria wawili wasiojuana. Nikaanza kulia. Kitwana akanitazama, akaitazama dashibodi, akavua viatu. Amerudisha nyaya zote kama alivyoziacha Fundi Said, Mungu amzidishie kuku. Nilimshikia tochi mwenyewe, na kile kiapo chake amekifuta humo humo chini.

Kwa hiyo nakuomba upuuze yote niliyoandika hapo juu. Pakeni ukuta huo chokaa, tena mara mbili, na Tatu aifute ile picha ya pilau, asije fundi yeyote akatutengenezea gari. Paa libaki. Makochi yabaki. Tunakuja kabla mwezi huu haujaisha. Tukifika tutapiga honi na hamtasikia kitu, basi tazameni barabarani: gari linalofuta kioo juani, wawili wamebanana upande mmoja, ndio sisi.